Matibabu ya saratani ya titi yameisha, sasa nizungumze na nani? Wanawake wa Lamu na Malindi karibuni

MamaMkomani (mleta uzi)

Asalaam aleikum, na habari zenu nyote. Uzi huu ni wa wanawake wa Lamu, Pate, Faza, Malindi na pwani yetu hii ambao wameshapasuliwa titi, wamemaliza kemo (dawa kali za kuua saratani), wamemaliza mionzi, na sasa wako majumbani. Wanaume wenye wake na mama waliopitia haya karibuni pia, ila mtuwie radhi tukisema ya kike.

Wakati wa matibabu mgonjwa hakosi watu. Yuko wa kukusindikiza jeti uvuke Mokowe ukapande basi la alfajiri, yuko wa kukaa na watoto, yuko wa kukupikia uji, na jamaa wanachanga, hata wale ambao hujawaona miaka. Kisha siku inafika unarudi na karatasi iliyoandikwa uje kliniki baada ya miezi mitatu. Nyumba nzima inashusha pumzi. "Alhamdulillah, umepona." Ni jambo la kumshukuru Mungu, na mimi namshukuru asubuhi na jioni. Lakini wengi wetu hapo ndipo tulipoishiwa nguvu, wakati kila mtu ameshakwenda zake.

Vidole vina ganzi ya kemo, sindano ya kushonea haishikiki. Usiku joto la vidonge linakupanda mpaka shuka inalowa. Unaingia jikoni, unasahau ulichofuata. Mgongo ukiuma kidogo, moyo unakwambia imerudi. Ukimweleza mama, analia kuliko wewe. Ukimweleza mume, anainama. Ukimweleza jirani, kabla ya magharibi habari imefika mtaa wa Langoni.

Mimi nilikatwa titi la kushoto pamoja na tezi za kwapani, nikapata kemo, kisha mionzi Mombasa. Wanaojua wanajua: mionzi ni Jumatatu hadi Ijumaa, wiki tatu kwa wengine, tano kwa wengine, kwa hivyo sisi wa visiwani hatuwezi kwenda na kurudi. Unakaa kwa jamaa au unapanga chumba. Mnakuwa watu wale wale, benchi lile lile, kila siku. Hapo ndipo nilipompata mwanamke wa Pate, mtu mzima kunizidi, aliyekuwa amenitangulia karibu kwa kila kitu. Alinionyesha namna ya kutambaza vidole ukutani mpaka mkono upande juu ya kichwa, zoezi alilofundishwa na mtaalamu wa viungo. Aliniambia nguo ya ndani iwe ya pamba na iwe pana, maana ngozi ya mionzi hubabuka. Aliniambia nywele zitarudi, na huenda zikaja na mkunjo ambao si wangu wa zamani. Alinieleza karatasi za SHA, bima ya afya ya serikali, ambazo tangu ichukue nafasi ya NHIF Oktoba 2024 zimetuchanganya wengi: kwamba kabla ya kusafiri nihakikishe mchango umelipwa na idhini ya matibabu imetoka, nisije nikafika Mombasa nikakaa bure. Na siku niliyolia aliniacha nilie. Hakusema "jikaze".

Huku kwetu bibi harusi haingizwi ndani bila somo: mwanamke mzima, mwenye siri, anayemfunza yale ambayo mama mzazi haoni njia ya kuyasema. Mwanamke anayetoka kwenye matibabu ya saratani naye anastahili somo wake. Mmoja tu, aliyepita njia ile ile, anayejua kunyamaza. Kikundi kitafuata kama kitafuata.

Mliompata mtu kama huyo, andikeni mlimpataje. Ambao hamjampata, semeni mko wapi. Majina na nambari za simu msiziweke hapa, tafadhali sana.

BintiLangoni

Waleikum salaam dadaangu. Yeo ndiyo mara ya kwanza naandika jambo hili popote.

Nina miaka 31, sijaolewa. Kemo imeisha, nywele zimeanza kuota. Nyumbani wameniambia nisiseme kwa mtu mpaka nipate mume. Mamaangu hana ubaya, ni hofu tu. Binamu yangu aliolewa juzi, nikasema naumwa na kichwa nikabaki, kwa sababu wanawake wakiwa chumbani wanavaa na kuvua, mimi nitasimama wapi?

La dawa siulizi, daktari alinieleza vizuri. Nataka kumuona mwanamke aliyekatwa ambaye bado anavaa, anacheka, anaingia chakacha. Sijamuona hata mmoja. Kwenye simu naona Wazungu peke yao.

MamaMuyeye

Malindi hapa. Pole sana mwanangu BintiLangoni, na pole mleta uzi.

Mimi nitasema tofauti kidogo, na nasema kwa upendo. Hii siri inatumaliza. Mimi nilipotoka hospitalini nilisimama kanisani nikasema mbele ya watu wote: nimekatwa titi, niko hai, anayetaka kuuliza aje nyumbani. Wako walionisema, hilo halikosi. Lakini walikuja wanawake waliokuwa na uvimbe na wameuficha chini ya leso, wengine wakipaka dawa za miti. Walikuja kwa sababu waliona mtu ambaye hakufa. Kijijini kila aliyetajwa kuwa na saratani ni yule aliyezikwa. Aliyepona ananyamaza, kwa hivyo watu wanajua vifo tu.

Hapa Muyeye tunakutana chini ya mwembe kila mwisho wa mwezi. Tuko wachache. Waislamu wapo, Wakristo wapo. Hatuna jina wala cheti. Tunaleta viazi, tunaleta chai, tunazungumza. Aliyeshindwa nauli ya kliniki tunachanga. Mwenye kushona anawatengenezea wengine sidiria yenye mfuko ndani, tunajaza pamba au nafaka ndogo mpaka uzito ulingane na upande wa pili, maana ukiacha upande mmoja mwepesi bega linavutika na mgongo unauma. Kitu kama hicho utakifanyaje ukiwa na mtu mmoja kwa siri?

Mleta uzi, fikiria hao ambao hawatakaa foleni ya Mombasa kwa sababu hawajakubali hata kupimwa.

MamaMkomani (mleta uzi)

MamaMuyeye, dada, shukrani. Hilo la walionyamaza na waliozikwa limenichoma, na ni kweli tupu. Mungu akulipe kwa kusimama pale kanisani.

Lakini wewe ulisimama mwenyewe, kwa hiari yako, siku uliyoichagua. Mji wa Lamu vichochoro vyake unavijua, dirisha lako linatazamana na dirisha la mwenzio. Binti kama huyu wa Langoni, akiambiwa njia ya kupata msaada ni kwenda kuketi mahali ambapo kila mpita njia atajua wanaoketi pale wana ugonjwa gani, hatakwenda. Atabaki chumbani. Mimi nataka mlango ambao hata anayeogopa anaweza kuupita. Akishapata nguvu, huenda yeye ndiye atakayesimama mbele za watu kwa sauti kutushinda sote.

BintiLangoni, mdogo wangu, mimi bado navaa, na harusini naingia. Nimekuandikia faragha. Ukiwa tayari njoo nyumbani, hapana haja ya kueleza mtu unakuja kufanya nini, sema unakuja kujifunza kushona kofia.

NesiMstaafuMalindi

Habari zenu wanangu. Nimefanya kazi wodini na kliniki miaka mingi kabla ya kustaafu, niruhusuni niseme marefu kidogo.

Hili analolitaka mleta uzi ni jambo la zamani na limejaribiwa. Mwaka 1952 mwanamke wa New York, Terese Lasser, alikatwa titi, akaona hakuna wa kumwambia chochote kuhusu maisha ya baada ya hapo. Akaanza kuwatembelea wagonjwa wengine hospitalini, kitanda kwa kitanda, kuwaonyesha mazoezi ya mkono na namna ya kujaza sidiria. Madaktari kadhaa hawakupenda hata kidogo. Mpango wake ukaitwa Reach to Recovery, na mwaka 1969 ukachukuliwa na shirika la saratani la Marekani, kisha ukaenea nchi nyingi. Msingi wake ndio huo huo mnaousema: aliyepita anamtembelea anayepita.

Namna ya kumpata mtu huyo bila kuvunja siri ni kupitia kwa nesi wa kliniki yenu. Yeye ndiye anayewajua wote. Mwambie: "Naomba unitafutie mama aliyefanyiwa kama mimi, anayekubali kuzungumza." Nesi mzuri hatakupa jina palepale. Atamuuliza kwanza yule mwingine, akikubali atakuuliza wewe tena, ndipo awakutanishe, na mara ya kwanza iwe hapo hapo kliniki. Asiwatazame umri peke yake. Aliyekatwa titi zima na aliyetolewa uvimbe tu wana maswali tofauti. Mwenye watoto wadogo na mwenye wajukuu vilevile. Anayemeza vidonge vya homoni na ambaye havimfai, vilevile. Kama kliniki yenu haina desturi hiyo, iombeni. Haigharimu hospitali chochote.

Walio Mombasa kwa matibabu waulizie Coast Hospice. Watu wakisikia hospisi wanadhani ni mahali pa kufia, sivyo. Wanashughulika na maumivu na unasihi kwa mgonjwa na familia yake katika hatua yoyote. Nairobi kuna Faraja Cancer Support Trust, iliyoanzishwa 2010, inayotoa unasihi na msaada kwa wagonjwa na wanaowauguza.

Sasa nionye. Somo wako asikwambie uache dawa. Tamoksifeni, kidonge cha homoni, humezwa mara moja kwa siku, kwa miaka mitano na kwa wengine hadi kumi, na joto lile linachosha, najua. Ukishindwa nenda kwa daktari, kuna namna za kulipunguza. Ramadhani ikifika, watu wengi huihamishia saa ya futari au daku, lakini mwambie daktari wako kwanza ujue hali yako. Ukitokwa damu ukeni baada ya kukoma hedhi, au mguu mmoja ukavimba na kuuma, usimsubiri somo wala kikundi. Na mliotolewa tezi za kwapani, mkono ukiwa mwekundu, wa moto, na homa juu yake, hospitali siku hiyo hiyo.

Jihadharini na mwenye kuuza. Kila panapokutana wagonjwa anatokea mtu mwenye chupa. Anajiita mwenzenu, wiki ya pili ameleta mizizi, wiki ya tatu bei imepanda. Mtoeni kwa adabu, lakini mtoeni.

Na jambo la mwisho, kwa sababu nimeona likiumiza watu. Mwaka 1989 ulichapishwa utafiti mdogo wa wanawake 86 wenye saratani ya titi iliyoenea, ulioonyesha kwamba waliokutana kwenye vikundi waliishi muda mrefu zaidi. Watu wakashangilia. Mwaka 2001 utafiti wa Kanada wa wanawake 235 haukuliona hilo, umri haukuongezeka. Kilichoonekana ni kwamba huzuni ilipungua na maumivu yalisumbua kidogo, hasa kwa waliokuwa na dhiki kubwa tangu mwanzo. Mimi naona hiyo inatosha kabisa kuwa sababu ya kukutana. Lakini asitokee mtu akamwambia mgonjwa kwamba ugonjwa umerudi kwa sababu alijitenga, au hakuwa na moyo, au hakuomba vya kutosha.

BabaMambrui

Samahani kuingilia mambo ya akina mama. Mke wangu amemaliza matibabu. Mimi nimemwambia kwangu hajapungua kitu, na namaanisha. Lakini amehamia chumba cha watoto, na akibadilisha nguo anafunga mlango kwa ufunguo. Nikimuuliza anasema amechoka. Je, naweza kumtafutia huyo somo mimi mwenyewe? Nimuite nyumbani siku moja kama mgeni?

MamaMkomani (mleta uzi)

Kaka, umefanya vizuri kuuliza. Usimlete kama mgeni. Akigundua mmepanga nyuma yake atahisi umemtangaza, na mlango utafungwa zaidi. Mwambie waziwazi: yuko mama fulani aliyepitia haya, ukitaka kuzungumza naye nitapiga simu, usipotaka basi. Kisha uliache, usilirudie kila jioni.

La chumbani nalisema kwa heshima: uchovu anaoutaja ni wa kweli, unakaa miezi na miezi baada ya kemo na mionzi, na kulala hakuumalizi. Dawa nazo hukausha mwili na kupunguza hamu, pana maumivu ambayo hawezi kuyataja. Kovu lenyewe pengine bado yeye hajalitazama kwenye kioo. Mimi nilichelewa kulitazama langu, na mume wangu alikuwa akiniwekea chai mlangoni na kwenda zake. Kaa karibu bila kudai. Somo wake atayasema mengine, nawe si lazima uyasikie.

MvuviShela

BabaMambrui, mimi ni mume pia. Niandikie faragha tuongee. Sisi nasi hatuna pa kuyasema, baraza zima linazungumza mpira na siasa.

MamaWatamu

Nimesoma yote, na kila mmoja anasema "tumemaliza matibabu". Mimi sitamaliza. Yangu imefika kwenye mifupa. Nilikuwa kwenye kikundi cha simu, mahali pengine si hapa, watu wazuri sana, kila siku sala na picha za waliopona. Siku niliyoandika majibu ya picha yangu ya mifupa, kukawa kimya. Kisha mmoja akaandika "Mungu ni mwema", wakaendelea na maandalizi ya sherehe ya manusura. Hawakunitukana. Waliogopa, nami nawaelewa, kwa sababu mimi ndiye wanachokiogopa. Niliondoka polepole.

Sasa mniambie: huyo somo wenu ni wa waliopona tu?

MamaMuyeye

Dada yangu wa Watamu. Hapana. Njoo kwetu Muyeye, nitakuja kukuchukua mwenyewe stendi. Kuna mwenzetu mmoja ambaye yake imefika kwenye ini, na yeye ndiye anayetuongoza tunapokutana. Tulikuwa na wakati tulikuwa hatujui tumwambie nini. Akatuambia: niulizeni habari za leo, msiniulize za mwakani. Tangu hapo tunamuuliza za leo.

MamaMkomani (mleta uzi)

MamaWatamu, nimeusoma ujumbe wako nikafunga simu, nikasali, ndipo nikarudi. Uzi huu ni wako kama ulivyo wangu. Nilichoandika juu kuhusu waliomaliza kinawahusu waliomaliza kwa sasa. Hakuna kati yetu aliye na hati ya kwamba haitarudi. Ukitaka, nitamuulizia yule wa Muyeye kama atakubali kuzungumza na wewe peke yenu, kabla hujaenda mwembeni. Mwenye ugonjwa ulioenea anahitaji mwenzake mwenye ugonjwa ulioenea, sisi wengine tutabeba chai na nauli. Na kwenye vikundi vyote iwe sharti: mtu akileta habari mbaya, anajibiwa kwanza yeye, sherehe inasubiri.

MamaWatamu

Mwulizie. Ahsante. Lakini asinihurumie.

NesiMstaafuMalindi

Kwa wote: Shirika la Afya Duniani linasema mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa na saratani ya titi, na kwamba karibu nusu ya wanaoipata hawana sababu nyingine inayojulikana isipokuwa kuwa mwanamke aliyepita miaka 40. Nayaleta haya kwa ajili ya wale ambao majirani wanawaambia ni kijicho, ni dhambi, ni sidiria. Mkikutana, elezaneni hili mapema. Kuna wanawake wanaobeba lawama hiyo miaka na hawaitamki.

MpwaWaFaza

Shikamooni. Shangazi yangu yuko Faza, hana simu ya intaneti, hajui kusoma, na boti kwenda Lamu ni gharama. Amekatwa titi mwaka uliopita. Mkono wake umevimba kidogo, anaambiwa asiufanyishe kazi kabisa, na yeye ni mtu wa kazi. Anakaa tu. Mambo haya ya faragha na kliniki yatamfikia vipi?

NesiMstaafuMalindi

Mwanangu, mkono huo kwanza uonwe, kwa sababu ukianza kuvimba mapema ndipo unapotibika vizuri. Kuna soksi ya mkono ya kubana na kuna kukandwa kwa utaratibu maalumu. Kuuweka bila kazi kabisa ni ushauri wa zamani. Siku hizi wataalamu wanataka utumike, uanze na kitu chepesi na kuongeza polepole, na ukiuma au kuzidi kuvimba upumzike. Aulinde na michubuko, moto wa jikoni na mikwaruzo ya samaki.

MamaMkomani (mleta uzi)

MpwaWaFaza, somo hahitaji intaneti. Simu ya kitochi inatosha. Wako wanaozungumza kila wiki siku moja, saa moja, na aliye na uwezo ndiye anayepiga ili mwenziwe asitumie salio. Nimeulizia, na kuna mama wa Siyu, kisiwa hicho hicho, aliyetolewa titi na tezi pia. Amekubali. Muulize shangazi kwanza, usimpe nambari bado.

BintiLangoni

Dadaangu nimekujibu faragha. Nitakuja Alhamisi. Naomba dada zako wengine wasiwepo.

MamaMkomani (mleta uzi)

Nitakuwa peke yangu.

MpwaWaFaza

Nimempigia shangazi. Amenyamaza kidogo, kisha akauliza kama huyo mama wa Siyu alikatwa upande wa kulia, maana yeye ni wa kulia, na ndio mkono anaochotea maji.

MamaMkomani (mleta uzi)

Ni wa kulia. Na maji anachota, kwa ndoo ndogo, akibadilisha mikono. Mwambie shangazi atapigiwa Jumamosi baada ya alasiri, awe na simu karibu.